Filamu moja aliyoitengeneza mara mbili, na ombi langu kwenu nyumbani

Najua kibaraza hiki kimekaa kimya karibu miezi miwili na wadau mmeanza kulalamika, dada umetutupa, dada umekuwa Mzungu. Sijawa Mzungu jamani, ni zamu za usiku tu zimeniandama. Leo nina siku mbili za mapumziko, nimepika wali wangu wa nazi (wa kopo, mnisamehe), nimekaa. Leo sina habari za baridi wala bei ya vitu. Nataka niwasimulie historia ya sinema, halafu mwishoni nina neno la kifamilia. Msikimbilie mwisho!

Ilianza wodini. Tulikuwa na mzee mmoja, mgonjwa wa moyo, mtu wa hapahapa London ya mashariki, anayependa kuongea usiku watu wakilala. Akaniuliza, sista, unajua kituo chako cha treni kimechorwa picha za nani? Nikamwambia kila asubuhi napita pale Leytonstone nikiwa nimechoka kama punda wa mkaa, picha nitaziona saa ngapi? Akacheka mpaka nikamkataza, maana moyo wenyewe ndio ule. Akaniambia kesho simama uangalie.

Nikasimama. Kumbe kwenye njia ya kuingilia kituoni kuna picha 17 za vijiwe vya rangi, zimewekwa tangu mwaka 2001, zote za maisha na filamu za Alfred Hitchcock. Alizaliwa hapahapa Leytonstone tarehe 13 Agosti 1899. Baba yake alikuwa na duka la mboga na matunda, kama wale wa Mgandini, tofauti mvua tu. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alipokuwa mdogo alifanya utundu, baba yake akampa kikaratasi apeleke kituo cha polisi. Askari akakisoma, akamfungia kwenye chumba cha mahabusu kwa dakika chache, akamwambia hivi ndivyo tunavyowafanya watoto watundu. Anasema tangu siku hiyo akawaogopa polisi maisha yake yote. Akaishia kuwa bingwa wa kuwatia watu hofu dunia nzima, mpaka alipofariki kule Los Angeles mwaka 1980.

Wengi mtakuwa mmesikia Psycho, ile ya mwanamke bafuni. Lakini yule mzee aliniambia nisianze na hiyo. Alisema tafuta filamu aliyoitengeneza mara mbili, zitazame zote, utamjua mtu yule. Jina lake The Man Who Knew Too Much, tuseme "Mtu Aliyejua Mengi Mno". Ya kwanza ilitoka mwaka 1934 akiwa bado Uingereza. Ya pili mwaka 1956, akiwa ameshahamia Marekani na kuwa tajiri. Mwongozaji yuleyule, jina lilelile, miaka 22 katikati. Mhamiaji anarudia kazi yake ya ujanani. Hapo tu nikavutika, maana na sisi huku kila siku tunarudia yetu ya zamani kwa vyombo vipya.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Mke na mume wako safarini nchi ya watu na mtoto wao mmoja. Wanazoeana na mwanamume anayeitwa Louis Bernard, kumbe ni mpelelezi wa siri. Anauawa mbele yao, na kabla ya kukata roho anawapa siri: kuna kiongozi wa nchi ya nje anataka kuuawa London. Wauaji wanapojua kwamba wazazi wanajua, wanamteka mtoto. Ujumbe ni mmoja, fungeni mdomo la sivyo mtoto hamumwoni tena. Basi wazazi wanabaki na mzigo: wakisema, mtoto wao anakufa, wakinyamaza, mtu mwingine anakufa na pengine vita inazuka. Hawawezi kwenda polisi, inabidi wamtafute wenyewe.

Hofu hiyo ya mwaka 1934 haikuwa ya kubuni tu. Ndani ya filamu ofisa wa serikali anamkumbusha baba wa mtoto habari za Sarajevo, Juni 1914, mji ambao Waingereza wengi hawakuujua mpaka mtu mmoja alipouawa pale na dunia nzima ikaingia vitani. Waliokuwa wanatazama walikuwa na ndugu waliozikwa katika vita hiyo. Halafu tarehe 9 Oktoba 1934, Mfalme Alexander wa Yugoslavia alipigwa risasi garini mjini Marseille, Ufaransa, na waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Louis Barthou, akafa siku hiyohiyo. Kamera za habari zilikuwepo, watu wakaona kwenye majumba ya sinema. Filamu ya Hitchcock ilitoka Desemba mwaka huohuo. Hebu fikirini mtazamaji aliyeketi gizani akiwa ametoka kuona mauaji ya kweli wiki chache tu zilizopita.

Hata mwigizaji wa mkuu wa wauaji alikuja na historia yake. Ni Peter Lorre, Myahudi aliyezaliwa katika dola ya Austria na Hungary, akajulikana sana Ujerumani kwa filamu iitwayo M ya mwaka 1931, kisha akakimbia baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933. Hii ilikuwa filamu yake ya kwanza ya Kiingereza, na lugha yenyewe alikuwa haijui vizuri. Inasimuliwa kwamba maneno mengi aliyakariri kwa sauti tu. Mimi niliyefika hapa na Kiingereza cha vitabuni, nikapokea ripoti ya zamu kwa lafudhi ya London ya mashariki na kuitikia "yes, yes" bila kuelewa nusu yake, nilimwonea huruma jambazi yule, he he!

Mwisho wa ile ya 1934 ni mapambano ya bunduki kati ya polisi na majambazi waliojifungia nyumbani. Hilo nalo limetoka kwenye historia: Januari 1911, mtaa wa Sidney hapahapa London ya mashariki, majambazi walizingirwa na polisi na wanajeshi, na Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, akaenda mwenyewe kuangalia. Hitchcock alikuwa na miaka 11. Wakaguzi wa filamu hawakupenda kuonyesha polisi wa Uingereza wamebeba silaha kama jeshi, kwa hiyo katika filamu bunduki zinaletwa kwa gari polisi wakiwa wameshazidiwa.

Sasa njooni kwenye ya pili. Ya kwanza ina dakika kama 75, nyeusi na nyeupe, inaanzia kwenye theluji ya Uswisi, St. Moritz. Ya pili ina dakika 120, ya rangi, na inaanzia Afrika! Marrakech, Morocco. Mume ni James Stewart, daktari wa upasuaji kutoka Indianapolis. Mke ni Doris Day, mwimbaji maarufu aliyeacha jukwaa ili amfuate mume. Mtoto ni wa kiume, Hank, badala ya msichana wa ile ya kwanza.

Picha za Marrakech zilipigwa mwaka 1955, na hapo kuna mambo ambayo filamu haisemi. Morocco ilikuwa chini ya Ufaransa. Sultani wao, Mohammed wa Tano, Wafaransa walimwondoa Agosti 1953, wakampeleka Corsica, kisha Madagascar, yaani bahari yetu hiihii ya Hindi. Nchi ilikuwa inachemka. Alirudishwa Novemba 1955, na tarehe 2 Machi 1956 Ufaransa ikautambua uhuru wa Morocco. Kwa hiyo filamu ilipofika kumbi za sinema baadaye mwaka huohuo, ile Marrakech yenye ofisa wa polisi Mfaransa anayewahoji watu ilikuwa imeshapita. Wenyeji wenyewe kwenye filamu ni mapambo tu, soko na ngamia. Hilo lilinikera, nasema wazi.

Ila kuna sehemu mbili mtacheka. Ya kwanza ndani ya basi: basi linayumba, yule mtoto anajishika kwenye nikabu ya mwanamke bila kukusudia, inavuka, mume wa mwanamke anakuja juu, na wale Wamarekani hawaelewi wamekosa nini. Ya pili hotelini: James Stewart na miguu yake mirefu hajui akae vipi kwenye makochi ya chini, halafu anaambiwa ale kuku kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, mkono wa kushoto usiguse chakula. Anahangaika yule baba! Mimi nikawaza siku yangu ya kwanza na kisu na uma mbele ya wenzangu wa kazini. Kila mtu ana siku yake ya kuwa mgeni.

Lakini yote haya ni utangulizi wa jambo moja, nalo ni matoazi. Katika filamu zote mbili muuaji amepangiwa kupiga risasi ndani ya ukumbi wa Royal Albert Hall, ule wa mviringo uliofunguliwa mwaka 1871, wakati okestra inapiga. Kuna mahali matoazi yanagonga mara moja kwa kishindo. Hapohapo afyatue, mlio wa bunduki umezwe. Na sisi watazamaji tunachezeshwa sahani ya santuri mapema pamoja na muuaji, ili tuijue sauti tunayoisubiri.

Hitchcock mwenyewe alieleza siri hii kwa mwongozaji wa Kifaransa, François Truffaut, katika mazungumzo ya mwaka 1962 yaliyotolewa kitabu baadaye. Watu wanaongea mezani, bomu likilipuka ghafla, mtazamaji anapata mshtuko wa sekunde chache tu. Lakini ukimwonyesha mapema kwamba bomu liko chini ya meza na saa inakwenda, unampa dakika kumi na tano za taharuki. Kumbe taharuki, ile tuliyokariri kwenye fasihi kidato cha tatu, ni kujua halafu usiweze kusema. Watu wa wodini tunaijua vizuri. Kuna usiku unaliona jibu la kipimo kabla daktari hajafika, mgonjwa anakuuliza sista kuna habari gani, na wewe unarekebisha mto.

Muziki ni uleule kwa filamu zote, Storm Clouds, alioutunga Arthur Benjamin, Mwaustralia, kwa ajili ya ile ya 1934. Ila tazameni tofauti. Mwaka 1934 hela zilikuwa chache, hivyo umati wa watu mle ukumbini sehemu kubwa ni mchoro uliochanganywa na watu wa kweli kwa ujanja wa vioo. Mwaka 1956 walipiga picha ukumbini kwenyewe, London Symphony Orchestra ikipiga, na anayeiongoza mbele ya kamera ni Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa filamu ile. Kwa karibu dakika 12 hakuna neno moja mnalosikia, muziki tu. Mama amesimama nyuma ya viti, anamwona muuaji, anamwona anayetaka kuuawa, machozi yanamtoka. Akinyamaza mtu anakufa, akipiga kelele mwanawe anakufa. Matoazi yanainuliwa... na mama anapiga ukelele. Mkono wa muuaji unatikisika, kiongozi anajeruhiwa tu.

Mwaka jana nilinunua tiketi ya bei rahisi, nikakaa juu kabisa Albert Hall kwenye tamasha lisilohusiana na filamu. Mpiga matoazi aliposimama tu nikaanza kutetemeka. Jirani yangu akaniuliza kama niko salama!

Hitchcock alimwambia Truffaut kwamba ile ya kwanza ni kazi ya mtu mwenye kipaji asiye fundi, na ya pili ni kazi ya fundi. Nani niwe nimbishie? Lakini mimi si mwana sinema, mimi ni muuguzi, na kila mmoja hutazama kwa jicho lake. Nami nilikwama kwenye swali moja: mama anaambiwa vipi kwamba mtoto ametekwa?

Mwaka 1934 mama, Jill, anakabidhiwa kikaratasi. Anasoma mwenyewe. Chumba kinamzunguka, anazirai. Halafu anainuka. Huyu mama ni mlenga shabaha hodari, na mwanzoni alishindwa mashindano na yuleyule muuaji kwa sababu ya vurugu wakati wa zamu yake. Mwishoni muuaji yuko juu ya paa na binti yake, polisi ana bunduki lakini anasita asije akampiga mtoto. Mama ananyakua ile bunduki, analenga, anapiga mara moja. Muuaji anaanguka, mtoto mzima.

Mwaka 1956 mume ameshajua. Mke hajui. Yeye ni daktari, basi anafungua mkoba wake, anatoa vidonge vya kutuliza, anamwambia meza kwanza ndiyo nikuambie. Mke anakataa, anasema sivihitaji. Mume anashikilia kwamba daktari ni yeye. Anameza. Anasubiri dawa ianze kushika, ndipo anamwambia, Hank ametekwa. Mama anataka kuinuka akamtafute mwanawe, miguu haimtii, mume amemshika kitandani, analia kwa sauti inayozama usingizini. Nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji.

Tulipokuwa tunasomea shahada pale Muhimbili, na huku nikafundishwa tena, kanuni ni moja: mtu mzima mwenye akili zake hapewi dawa bila kuelezwa anapewa kwa nini. Miaka ile haikuwa hivyo. Daktari ndiye aliyeamua mgonjwa ajue nini na lini, na mume aliamua kwa mke. Na ulikuwa wakati wa vidonge. Mwaka 1955, mwaka uleule wanapiga picha Marrakech, dawa ya kutuliza wasiwasi iitwayo Miltown iliingia sokoni Marekani na ikapendwa ajabu. Na sidhani Hitchcock alitaka tumpigie makofi yule daktari. Kwani anayeokoa maisha ya watu baadaye ni nani? Ni yuleyule aliyelazwa kwa vidonge. Yeye ndiye anayegundua kwamba jina walilosikia, Ambrose Chapel, si la mtu bali ni la kanisa dogo, wakati mume amepotelea kwenye karakana ya mtu anayekausha na kujaza wanyama. Yeye ndiye anayepiga ukelele ukumbini. Na ubalozini anaimba kwa sauti ya juu ule wimbo wa Que Sera, Sera, uliokuja kupata tuzo ya Oscar, mpaka mtoto aliyefichwa ghorofani anausikia na kuujibu kwa mluzi. Mume alifikiri habari zitamvunja. Kumbe zilikuwa zinamsubiri azibebe.

Haya, sasa neno langu la kifamilia.

Mnakumbuka mwaka juzi, masika. Mwanangu aliugua malaria kali, akaishiwa damu, akalazwa siku nne, akaongezewa damu usiku. Mimi nilipiga simu kila siku. Bibi yake akaniambia amelala. Siku ya pili ameenda kwa shangazi. Siku ya tatu simu ya mjomba haina chaji. Mlikubaliana wote, najua, na mlifanya kwa mapenzi, asiambiwe, yuko mbali, yuko kazini, atachanganyikiwa na hawezi kufanya lolote. Nikaja kujua ameshatoka hospitali. Nilishukuru Mungu, nikawashukuru na ninyi mliomkesha. Ila sikuwaambia kwamba nililia wiki nzima, tena si kwa ugonjwa. Nililia kwa sababu siku zile nne nilikuwa nawageuza wagonjwa wa watu, nawapa maji watoto wa watu, na wangu anawekewa damu ya nani sijui. Mlinipa vidonge bila kuniuliza.

Mnasema ningefanya nini kutoka London? Ningeuliza wingi wa damu yake ni kiasi gani. Ningeongea na nesi mwenzangu wa zamu. Ningemwimbia kwenye simu. Kidogo, ndiyo, lakini ni changu.

Na nisiwe mnafiki. Aprili 2020 mliponiuliza mbona sauti imekauka, nikasema mafua. Haikuwa mafua, ilikuwa Covid. Nilijifungia chumbani wiki mbili, nalala kifudifudi ili nipumue, na jioni nanawa uso nawapigia simu nikitabasamu. Mama, samahani. Niliogopa presha yako. Yaani nami nilifungua mkoba wangu nikakumezesha kidonge, kwa kuwa daktari ni mimi. Nimekuja kujiona kwenye filamu ya mwaka 1956, na sikupenda nilivyojiona.

Basi tuwekeane ahadi. Likitokea jambo, mniambie, hata kama ni saa tisa za usiku. Nikizirai, nitazirai, kisha nitainuka kama yule mama wa mwaka 1934. Na mimi nitawaambia yangu.

Filamu zote mbili zinapatikana, tena ile ya 1956 Hitchcock aliifungia kwa miaka mingi pamoja na nyingine nne kwa kuwa haki zake zilikuwa mkononi mwake, ikarudi kuonekana miaka ya 1980 baada ya kifo chake. Anzeni na ya 1934, ni fupi. Shemeji, usimtangulie mtu kusimulia mwisho, tunakujua!

Yule mzee wa wodini alitoka salama, alirudi kwake. Siku ya kuondoka aliniuliza, umezitazama? Nikamwambia nimezitazama zote. Ipi bora? Nikamwambia ya pili ni nzuri zaidi, ila mama wa ya kwanza ndiye ninayemtaka.

Nisiwachoshe, zamu inaniita kesho. Mbusuni mwanangu mara mbili.

Ni mimi dada yenu wa ughaibuni.